Sarafu Tatu

Jana nilikuwa nageuza mifuko ya suruali kabla ya kuiloweka, sarafu zikadondoka. Tatu. Nikachuchumaa nikizitazama hadi mwanangu akaniuliza nimepoteza nini.

Ni ile sura ya 7 ya riwaya yangu, ya mpelelezi wangu mwenye vidonda vya tumbo na wale waumini wa kisima. Niliwasomea wenzangu jioni moja. Sura sita za kwanza nilizipitia mbiombio, maana nilijua utamu uko wapi.

Mpelelezi anaingia chumbani. Waumini wamelala chali, wamefunikwa vitambaa, mizigo imefungwa tayari kando ya vitanda. Anawapekua: kila mfuko una noti moja na sarafu tatu. Anamgeukia msaidizi wake: "Muulize kondakta wao kama anarudisha chenji."

Walicheka, jamani. Mmoja alimwaga chai. Nami nikanyamaza kidogo kama mchekeshaji mzoefu, nikisubiri kicheko kiishe chenyewe.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekaa karibu na mlango, hakucheka. "Hizo sarafu umezitoa wapi, mwanangu?"

Mjinga mimi, nikadhani nasifiwa. Nikamweleza kwa madaha kwamba sikuzitunga: Machi 1997, Rancho Santa Fe, California, wafuasi wa Marshall Applewhite, kiongozi wa kikundi cha kidini cha Heaven's Gate, watu 39 pamoja naye, waliojiua wakiamini chombo cha angani kinawafuata nyuma ya Hale-Bopp, ile nyota yenye mkia, kuja kuwachukua. Nguo nyeusi, viatu vipya vya aina moja, na mifukoni noti ya dola 5 na robo-dola tatu.

Alikuwa akihesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Mia moja na kumi na saba," akasema.

"Shikamoo?" Sijui kwa nini nilisema shikamoo. Hofu, nadhani.

"Marahaba. Sarafu 117. Kuna mtu alikwenda kuzitafuta. Akazigawa tatu tatu, akahakikisha hakuna aliyepunjwa."

Hakuna aliyecheka tena. Aliyemwaga chai akaendelea kufuta meza iliyokwisha kukauka.

Usiku ule nilikifuta kichekesho. Asubuhi nikakirudisha. Nimekifuta na kukirudisha mara nyingi tangu hapo, na kinachoniudhi ni kwamba bado kinanichekesha.

Mtoto akauliza kama anaweza kuchukua zile sarafu. Nikamwambia achukue mbili.