Nilivyojiandaa kuweka kadi ya faiba kwenye ruta ya ofisi

Ofisini kwetu Dodoma tulikuwa tunaongeza laini ya pili ya intaneti, ya faiba, ili ya kwanza ikikatika watu waendelee na kazi. Ruta yetu ni Cisco 2911, yenye nafasi nne za EHWIC, yaani kadi ndogo za kuchomeka zinazoiongezea ruta milango. Kuichomeka kadi ni kazi ya dakika chache. Maandalizi ndiyo yanayokula muda, na vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii huyaruka.

Nilianza na amri ya show version kuhakikisha toleo la IOS (programu inayoiendesha ruta) tulilonalo linaitambua kadi hiyo. Kisha nikahifadhi mipangilio kwa copy running-config startup-config, kwa sababu kisichohifadhiwa hupotea umeme ukizimwa. Nakala nyingine nikaiweka kwenye kompyuta yangu.

Ruta za Cisco za ISR 4000, ambazo ni mpya kuliko 2911, huruhusu kadi zake nyingi ndogo, ziitwazo NIM, kubadilishwa huku ruta inawaka, ukishaisimamisha kadi kwa amri. 2911 hairuhusu: lazima izimwe. Nikamwendea mkuu wa ofisi. Akauliza, "Fundi, mtatukatia mtandao siku nzima?" Nikamwambia, "Hapana mkuu, Jumamosi asubuhi tu, watu wakiwa hawapo." Akakubali.

Lililonisumbua zaidi ni umeme tuli. Kiangazi cha Dodoma hewa huwa kavu sana, na hewa kavu ndiyo inayoacha chaji ijikusanye mwilini. Mtu huanza kuusikia mshtuko wake inapofika takriban volti 3,000, lakini vipo vipuri vya elektroniki vinavyoumia chini ya volti 100. Maana yake unaweza kuharibu kadi bila kusikia chochote. Mbaya zaidi, kadi iliyojeruhiwa inaweza kufanya kazi vizuri siku ile, ikafa baadaye bila mtu kujua sababu.

Dawa yake ni mkanda wa mkononi unaounganishwa na chuma cha ruta kisichopakwa rangi. Ndani yake kuna kizuizi cha umeme (rezista) cha megaomu 1, ambacho humlinda mvaaji: hata akigusa waya wa volti 230, mkondo utakaopita kwenye mkanda hauzidi miliampia 0.23. Nilipima mkanda wangu kwa mita kabla ya kuuamini.

Ila mkanda unategemea ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Ukichomoa plagi ya ruta umeondoa na ethi yake, kwa hiyo chuma kinabaki kushikiliwa na ule waya wa ethi unaofungwa nyuma peke yake. Nilimwita fundi umeme apime chumba cha seva. Akakuta waya upo, umefungwa vizuri upande wa ruta, lakini kwenye boksi la umeme ulikuwa umelegea. "Kaka, huu ulikuwa pambo tu," akasema. Akaukaza, kisha akapima ethi yenyewe kwa kipimo chake maalumu, maana mita ya kawaida haikuonyeshi ubora wa ethi. Hapo ndipo moyo ulipotulia. Hofu yangu haikuwa kadi tu. Waya ule pia humkinga mtu anayegusa ruta yenye hitilafu.

Jumamosi nilizima ruta kwa swichi yake, nikachomoa waya wa umeme (zipo ruta zenye pawa saplai mbili, na huko huchomolewa zote), nikavua saa na pete, nikavaa mkanda. Kadi niliiacha ndani ya mfuko wake hadi dakika ya mwisho, nikaishika kingoni na kuisukuma taratibu hadi ikakaa. Skrubu nilizikaza kwa bisibisi ndogo, bila nguvu. Ruta ilipowaka, show inventory ikaionyesha kadi, na mlango mpya ukaitwa GigabitEthernet0/0/0. Faiba niliichomeka bila kuichungulia, kwani mwanga wa leza yake hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru.

Kifuniko nilichokitoa kwenye nafasi ile nimekihifadhi kabatini. Siku kadi ikitolewa lazima kirudishwe, kwa sababu nafasi ikibaki wazi upepo wa feni hupotea njia na ruta hupata joto.