Kumbukumbu ya mradi wa chati: kupunguza data bila kula utambi

Jumamosi usiku. Wiki iliyopita niliiacha programu yangu ikiganda kila nikisogeza picha. Data ni bei za dakika moja moja, euro kwa faranga ya Uswisi, 2012 hadi 2016. Soko hilo halilali siku tano za wiki, yaani dakika 7,200 kwa wiki; miaka mitano inakaribia mistari milioni 1.9. Kioo cha laptopu yangu kina pikseli 1,366 kwa upana. Kila dakika huchorwa kama mshumaa: kiwiliwili ni bei ya kufungua na kufunga, na utambi ni mstari mwembamba unaofika bei ya juu na ya chini kabisa. Nilikuwa nabana mishumaa zaidi ya 1,300 ndani ya pikseli moja!

Nilianza na njia rahisi: chukua mstari mmoja, ruka 500. Chati ikawa nyepesi ajabu. Nikakimbilia 15 Januari 2015, siku benki kuu ya Uswisi ilipoacha kulinda kima cha faranga 1.20 kwa euro, bei ikaporomoka chini ya 1.00 ndani ya dakika chache. Kwangu shimo halikuwepo, ilionekana ngazi tu ya kushuka. Msimbo ule wa programu nimeufuta wote. Kuna watu walipoteza akiba zao ndani ya shimo lile, na chati inayolificha sitaki kumwonyesha mtu.

Sasa kila fungu la dakika linatoa namba nne: bei ya kufungua ya dakika ya kwanza, ya juu kabisa, ya chini kabisa, na ya kufunga ya dakika ya mwisho. Wastani nimeukataa, maana unalainisha bei na utambi unapotea. Mafungu nayaandaa mapema: dakika 5, 15, saa, siku. La saa linajengwa kutokana na manne ya dakika 15, hakuna haja ya kurudi kwenye dakika. Nimeachana pia na iterrows, njia ya pandas (maktaba ya Python ya majedwali) ya kupitia mstari mmoja mmoja. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inapiga hesabu ya safu nzima kwa mkupuo.

Kusoma faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) nako kulichosha hadi nilipoitajia pandas muundo wa tarehe, kisha nikahifadhi kila kitu kwa Parquet, aina ya faili inayosomeka haraka.

Nimeifungua tena ile Januari. Utambi upo, mrefu, umevuka 1.00 kwenda chini, na picha inateleza.

Imebaki bei ya moja kwa moja. Ikiingia bei mpya, kinachobadilika ni mshumaa wa mwisho wa kila ukubwa wa fungu, lakini msimbo wangu bado unajenga yote upya. Naanzia hapo kesho.