Dampa mpya, ugonjwa wa zamani

Tulikuwa tunashuka Miritini, mwendo kama 70, gurudumu likaingia kijishimo cha kudharau tu. Usukani ukanitoka mikononi: kushoto, kulia, kushoto, kulia, dashibodi nzima inapiga kelele, mke wangu kashika dari. Nilipunguza hadi chini ya 50, gari likatulia kama halikufanya kitu. Ni fowili (gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne) dogo kuukuu lenye ekseli moja nzima mbele, kama Land Rover Defender, kwa hiyo tairi moja likianza kucheza linambeba na mwenzake.

Kila niliyemuuliza alisema dampa ya stelingi imekufa. Nikaifungua. Kumbe ni kishokamzoba kilicholazwa ubavu, ncha moja kwenye chuma kisichosogea, nyingine kwenye rodi inayogeuza magurudumu. Ndani mna mafuta na pistoni yenye vitundu. Ukiivuta polepole, mafuta yanapita. Ukiivuta kwa ghafla yanasongamana, nayo inakataa. Ndiyo maana kona unaikata bila taabu, ila teke la jiwe linaishia njiani. Tena hukaza sawasawa kwenda na kurudi, la sivyo usukani ungekuwa na upande unaoupenda. Yangu ilivutika kama pampu ya baiskeli iliyotoboka, na mafuta yametapakaa nje.

Nikafunga mpya. Raha, wiki tatu! Kisha kwenye maungio ya daraja la Mteza, huko Dongo Kundu, balaa likarudi.

Fundi mmoja mzee wa Changamwe hata hakuitazama dampa. Alipiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa: kok, kok. Beringi za kingipini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia kushoto na kulia, zimekwisha.

"Mwanangu, hiyo dampa umeipa kazi isiyo yake."

Alitia beringi mpya, akapunguza shimu, vile visahani vyembamba vya kujazia nafasi, ili zikaze, halafu akatoa mizani ya kupimia samaki. Akaitia ndoano kwenye mkono wa stelingi, akavuta taratibu huku akisoma ni uzito gani unaoanza kuugeuza. Nilimcheka kimoyomoyo, mpaka aliponifungulia kitabu cha gari: hata waliolitengeneza wanataka mizani ya springi.

Mwisho akaing'oa dampa yangu ya wiki tatu, akanipa mkononi.

"Nenda Mteza bila hii."

Nikaenda, moyo juu. Kwenye maungio usukani uligonga mara moja, ukanyamaza. Dampa niliirudisha Jumamosi tulipopanda Shimba Hills, kwa ajili ya mawe.