Vitamu Bandia: Lebo Inataja Jina, Haitaji Kiasi

Julai 2023 zilitolewa taarifa mbili kuhusu aspatemu, kitamu bandia kinachotiwa badala ya sukari, kwa wakati mmoja, na wengi wetu tuliishia kusikia ile ya kwanza tu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aspatemu katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu ingawa ushahidi uliopo ni mdogo. Katika kundi hilohilo limo dondoo la jani zima la mshubiri. Taarifa ya pili, ya kamati ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo, ilisema hakuna sababu ya kubadilisha kiwango cha juu kilichokuwapo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Taarifa hizo hazipingani hata kidogo, kwa kuwa moja inauliza kama kitu kina uwezo wa kudhuru, na nyingine inauliza ni kiasi gani kikiliwa ndipo wasiwasi uanze.

Wanaosema kwamba wanasayansi hubadilika kila siku hupenda kutaja sakarini, kitamu bandia kingine. Mwaka 1977 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitaka kuipiga marufuku baada ya panya waliolishwa kwa wingi kupata saratani ya kibofu cha mkojo. Bunge likazuia marufuku hiyo, likaamuru bidhaa zibebe onyo. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba madhara yale yalitokana na hali ya mkojo wa panya dume, ambamo hujengeka chembe zinazokwaruza kibofu, jambo lisilotokea kwa binadamu, na mwaka 2000 onyo likaondolewa. Mimi naona hapo sayansi ilifanya kazi yake sawasawa, ijapokuwa ilichukua zaidi ya miaka 20.

Kuhusu uzito, mambo hayajanyooka hivyo. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vitamu hivi kama njia ya kudhibiti uzito, ushauri usiowahusu wale ambao tayari wana kisukari. Tafiti za muda mrefu huonyesha kwamba wanaovitumia sana hupata zaidi kisukari na maradhi ya moyo, lakini mtu aliyekwisha kunenepa ndiye mwepesi wa kuhamia soda isiyo na sukari, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kilimtangulia mwenzake. Ndiyo maana shirika lenyewe liliuita ushauri huo wa masharti, yaani ambao ushahidi wake haujawa na uhakika wa kutosha.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu ambayo mlaji ameachiwa aifanye bila kupewa tarakimu. Mtu mzima wa kilo 70, kwa kiwango kile cha 40, ana nafasi ya miligramu 2,800 kwa siku, na kopo la soda lenye miligramu 200 au 300 haliwezi kumfikisha huko upesi. Mtoto wa kilo 20 ana nafasi ya miligramu 800 tu. Kopo la tatu la miligramu 300 linamvusha mpaka, kabla hatujahesabu mtindi, ubani wa kutafuna na dawa ya kikohozi ya maji. Sasa geuza kikopo cha mtindi usome maandishi madogo: utakuta E950 na E951, yaani vitamu bandia vya asesulfemu na aspatemu, na pengine onyo kwa wenye fenilketonuria, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaouzuia mwili kuvunja fenilalanini, kemikali iliyomo katika aspatemu. Katika nchi nyingi hutakuta miligramu ngapi zimo. Mtengenezaji anakijua kiasi hicho, kwa sababu ndiye aliyekipima na kukitia. Mamlaka zilizoweka kikomo kwa miligramu zinapaswa kumlazimisha aichapishe tarakimu hiyo kwenye lebo, kando ya ile ya sukari na ya chumvi, ili mzazi mwenye mtoto wa kilo 20 aweze kujumlisha.