Fundo la Khanga

Mtoto alikuwa njiti wa siku moja, kilo 1.4. Rufaa yake ilikuwa ya Morogoro mjini, nami nikapangwa kumsindikiza. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini, uuguzi huko bonde la Kilombero. Kabla ya kuondoka nilikagua yote niliyofundishwa: joto, sukari, oksijeni, barua. Mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, tukamlaza kwenye machela na kumfunga mkanda. Mtoto akapakatwa na bibi yake kwenye benchi la pembeni. Ndivyo tulivyowasafirisha wote. Ajali sikuiwaza kabisa.

Saa nne usiku tulikuwa katikati ya hifadhi ya Mikumi. Nyati akachomoza majanini. Dereva akakanyaga breki.

Mtungi wa oksijeni ulichomoka ulipoegeshwa, ukaburuzika sakafuni hadi ukutani kwa kishindo. Bibi akarushwa ubavu, mikono ikamfunguka, na mtoto akateleza na nguo zake, akanasa kati ya goti langu na machela. Kimya. Kisha akalia.

"Sista, nimemwachia! Nimemwachia mjukuu wangu!"

"Hukumwachia, bibi."

Nami sikumdanganya. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama papo hapo, kichanga kama yule huvuta kama mzigo mzito mara nyingi kuliko uzito wake. Hakuna mikono ya kuuzuia, hata iwe ya bibi anayempenda.

"Tusishuke," dereva alisema. Nikampapasa mtoto kichwa, shingo, mikono, miguu, hakuumia. Nikainua kichwa cha machela, nikamlaza kifuani mwa mama yake ngozi kwa ngozi, uso pembeni ili pua iwe wazi. Khanga nikaizungusha wote wawili, nikakaza fundo kwapani. Mkanda mmoja nikaupitisha nyongani mwa mama, mwingine mabegani, usimkandamize mtoto. Mtungi nikaubana kwa miguu yangu hadi Doma, dereva akaufunga kwa mpira wa baiskeli na bibi akahamia kiti cha mbele, chenye mkanda.

Mama hakusema neno njia nzima. Mkono wake ulikuwa juu ya khanga tu, kidole kimoja kikipigapiga taratibu.

Tulipopokelewa Morogoro, joto la mtoto lilikuwa 36.7. Fundo lilikuwa limekaza mno, ikabidi wanipishe nilifungue kwa meno.