Mama wa Kirumba na Jiwe la Bismarck

Mama mmoja anauza sato Kirumba, Mwanza, kaniomba bango la kuunganisha picha kwenye kompyuta: yeye mbele, Jiwe la Bismarck (lile jiwe la ziwani Mwanza) nyuma, jua likizama ziwani. Picha aliyonitumia imepigwa saa sita mchana, kivuli chote kiko chini ya kidevu. Hapo kwenye mwanga ndipo kazi ilipo, jamani, siyo kwenye kumkata atoke kwenye picha yake.

Kukata ni dakika chache. Sifuti kitu, naweka maski, yaani kifuniko juu ya picha: penye nyeupe panaonekana, penye nyeusi panajificha, kijivu kinapitisha kiasi. Nikibadili mawazo, mama bado mzima. Faili la picha nalihifadhi kwa aina ya PNG, maana aina ya JPEG haibebi uwazi (sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma) kabisa. PNG inaweza kubeba ngazi 256 za uwazi kwa kila nukta, ndiyo sababu pindo la mtandio linatoka laini. (Na nyie mnaopakua picha zenye vijimraba vya kijivu nyuma, ile alama ya uwazi, chungeni. Nyingine vijimraba vimechorwa humo humo, uwazi hakuna!)

Sasa mwanga. Jua liko nyuma yake, basi uso nikaupunguza mng'ao, nikapaka rangi ya chungwa mabegani na ukingoni mwa mtandio tu, kwenye leya (tabaka la picha) iliyobanwa isitoke nje ya umbo lake. Kivuli kikaja mbele, upande wetu watazamaji, kwenye leya inayotia giza mawe bila kuyafunika.

Kaipenda. Ila sasa anataka na mtumbwi wa tanga pembeni. Mwenye picha ya mtumbwi iliyopigwa jioni, njoo inboksi.