Siku Moja Maishani Mwangu: Amplifaya Inayojizima

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua kibanda, nyuma kidogo ya Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi. Mimi ni fundi wa muziki wa magari. Wanaokuja kwangu wengi wana lalamiko moja: inacheza, inakata, inarudi yenyewe. Mafundi wengi hawaipendi kazi hiyo kwa sababu gari likifika kwao kila kitu kinacheza vizuri. Mimi naipenda kuliko kufungua amplifaya, yaani kile kifaa cha kukuza sauti, iliyoungua. Inayojizima huwa na wakati wake wa kuzima, na ukiujua wakati huo umeshafika nusu ya njia.

Saa moja anaingia kijana na Probox, ana haraka ya kazini. Kabla sijashika bisibisi namuuliza: inakata ukipandisha sauti, ikipata joto, au ukipita kwenye matuta? Na taa yake ndogo inageuka nyekundu au inazimika kabisa? Swali hili la taa naliheshimu sana. Nyekundu maana yake umeme upo, ila amplifaya imeingia protekti, imejifunga isiungue: mzigo mzito, joto au waya wa spika unaogusa chuma. Taa ikizimika kabisa, umeme haukufika, ama kwenye waya mkubwa wa betri, ama kwenye ule mwembamba wa rimoti unaotoka kwenye redio kuiwasha.

"Inazimika kabisa, fundi. Kwenye matuta."

Basi naanzia kwenye betri. Fyuzi yake ni ya kioo, na kwa macho ni nzima. Naweka mita upande wa pili wa fyuzi, natikisa kishikio: volti 12.6, sifuri, 12.6. Solda ndani ya kofia ya fyuzi imeachia. Namfungia kishikio cha fyuzi bapa ya kukazwa kwa skrubu, karibu na betri kama inavyotakiwa, ili waya ukichubuka mbele huko usiwashe gari moto. Saa mbili kasorobo ameshaondoka.

Saa tatu na nusu, msongamano wa asubuhi ukipungua, ndipo matatu huja. Leo ni Isuzu NQR ya njia ya Rongai, woofa nne, zile spika kubwa za besi, chini ya kiti cha nyuma. Dereva ameudhika. "Asubuhi inagonga vizuri. Ikifika saa nane mchana, kila besi ikipiga inakata. Tumenunua amplifaya nyingine, ni yaleyale."

Amplifaya mpya yenye ugonjwa wa ile ya zamani inamaanisha ugonjwa uko kwenye gari.

NQR hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Amplifaya ni ya volti 12. Fundi aliyefunga muziki huu alichukua umeme katikati, kwenye betri moja tu. Ni njia rahisi, na naiona karibu kila wiki. Naomba injini iwashwe, napima. Betri mbili kwa pamoja: 28.1, hapo alteneta, ile inayozungushwa na injini kuchaji betri, haina kosa. Betri inayolisha muziki: 12.2. Mwenzake: 15.9. Tunaweka wimbo wenye besi nzito, ile ya kwanza inashuka hadi 10.3 na amplifaya inazima mbele ya macho yetu. Nyingi hujizima zikikaribia volti 10.

Namwonyesha dereva mita, maana mtu akiona namba hahitaji kuniamini mimi. Alteneta inaangalia jumla ya 28 tu, haijui kwamba betri moja inanyonywa. Hiyo moja haijai kamwe, na nyingine inachajiwa kupita kiasi. Tunafungua vifuniko vya ile ya pili: maji yamekauka hadi sahani zinaonekana. Wangeendelea hivi wangepoteza betri zote mbili.

Anampigia mwenye gari, ananipa simu. "Fundi, si uweke tu amplifaya kubwa zaidi?"

"Mama, hiyo itavuta umeme mwingi zaidi kwenye betri ileile iliyochoka."

Namweleza hesabu. Amplifaya inayotoa wati 1000 za kweli, ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, huvuta karibu ampea 90 kwenye volti 13.8. Lakini besi ni mishindo, kwa hiyo wastani wa matumizi uko chini sana ya hapo. Nataka konveta, kifaa cha kushusha volti kutoka 24 kwenda 12, ya ampea 60, na betri moja ya pembeni ya kupokea ile mishindo. Ananyamaza, anauliza bei, anasema tuendelee.

Kijana ninayemfundisha anatumwa dukani. Namwambia akwangue waya kwa kisu kabla hajalipa: mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa unene uleule hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu. Madukani umejaa, na rangi ya plastiki yake inapendeza kweli.

Saa saba, chapati na ndengu.

Saa nane na nusu inakuja teksi ambayo muziki hukata dereva akifunga mlango wake. Waya wa spika umechubuka ndani ya mpira wa bawaba na unagusa bodi. Ni kazi ya dakika chache, lakini kwa kuwa gari liko hapa napima pia waya wa ardhi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari: ncha moja ya mita kwenye hasi ya amplifaya, nyingine kwenye hasi ya betri, muziki ukiwa juu. Inasoma 0.9. Skrubu imefungwa juu ya rangi. Nakwangua hadi chuma king'ae, nakaza upya: 0.1. Kipimo hiki hufanywa muziki ukipiga tu. Kukiwa kimya hata kiungo kibovu husoma sifuri, na fundi humrudisha mteja nyumbani na tatizo lake.

Saa kumi na moja NQR imekamilika, fyuzi pande zote mbili za konveta. Tunazunguka nayo hadi Pangani na kurudi, sauti juu, mita mkononi mwa kijana. Besi ikipiga inashuka hadi 13.1, haiendi chini zaidi. Makanga anacheka peke yake mlangoni.

Dereva anataka kuingia steji jioni hii hii. Namruhusu, kwa sharti kwamba usiku betri ile iliyonyonywa ichajiwe peke yake kwa chaja ya ukutani hadi ijae, na ya pili iongezwe maji ya betri. Zisipolingana kwanza, alteneta itaendelea kuichemsha moja, muziki uwe umezimwa au umewashwa.